Blogu Mbili, Mama Mmoja

Nilikuwa na blogu moja na ilinitosha. Niliianzisha mwaka niliopangiwa kufundisha jiografia Newala, nikitokea Njombe, ambako maji yanatiririka kando ya barabara bila mtu kuyajali. Huku juu maji ni habari. Mvua ikianza kugonga bati, watu wanatoka mbio kuangalia kama mfereji umeelekea kisimani, na kisima chenyewe ni shimo la saruji uani, halina chemchemi wala nini, linaisubiri mbingu pamoja na sisi. Niliandika hayo. Niliandika barabara ya kupanda kutoka Masasi, bei ya korosho, na walimu wenzangu wanaoomba uhamisho kabla hata hawajafungua masanduku. Kisha nikaolewa huku huku, na mwenyeji, nami nikaacha kuomba uhamisho. Hilo nalo niliandika.

Wasomaji wangu walikuwa watoto wa huku waliotawanyika, wengi Dar, wengine Dodoma. Nilikuwa naposti kila Jumamosi asubuhi, na kufikia mchana mtu ameshaniandikia, "Mwalimu, umenitamanisha ming'oko." Ming'oko ni mizizi ya porini, unaichemsha kwa chumvi, na aliyeizoea hasahau. Sikuwa na kingine nilichotaka kutoka kwenye ile blogu. Mambo yangu na mambo ya watu yalikaa humo pamoja kama wanavyokaa watu kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mama mkwe akapata kiharusi. Kilimkuta kwake Mnyambe, chini ya mikorosho yake, ufagio mkononi, maana alikuwa mtu wa kufagia chini ya mikorosho hata kabla ya msimu, mpaka majirani wanamtania kwamba anazitandikia korosho kitanda. Tukamleta kwetu Newala mjini kwa sababu ya hospitali. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, akili ikabaki pale pale. Huku mama hutunzwa na binti zake. Mama mkwe hakujaliwa binti, akajaliwa mimi.

Mume wangu anafundisha Masasi, anarudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo siku za kazi tulikuwa mimi, mama, mwanangu mdogo, na jirani mmoja mwenye moyo wake aliyekuja kukaa na mama nikiwa darasani. Asubuhi namwogesha, namvisha, namlisha uji, ndipo naenda kuwaeleza watoto wa watu jinsi bonde la ufa lilivyotokea. Nikirudi naanza upya. Nilichoka, jamani. Nilichoka uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao, umekutangulia kuvaa kanga. Mama akilala mchana mimi nakaa kizingitini na simu, naandika. Niliandika nisipasuke.

Niliandika jinsi anavyoniita kwa majina ya watu waliokwisha kufa na kisha kujicheka. Niliandika mazoezi ya mkono, jinsi anavyoulaumu ule mkono kama mtoto mvivu. Na Jumamosi moja niliandika siku tuliyoshindwa kufika chooni. Tulikuwa katikati ya uwanja, mimi nimemshika kiuno, na mambo yakatokea hapo hapo, tukaanguka wote wawili taratibu mpaka chini. Kwanza nililia. Kisha yeye akaanza kucheka kwa ule mdomo wa upande, nami nikacheka, tukakaa pale kwenye maji yetu tukicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote. Watu waliishea, wakaniandikia kwamba wamewakumbuka mama zao. Niliona nimefanya jambo la maana.

Baada ya siku chache mjomba akaja. Mjomba ni kaka yake mama mkwe, na huku mjomba si mtu wa kuletewa soda tu kwenye harusi. Ndiye mwenye neno juu ya dada yake na watoto wa dada yake. Alitoka Chiungutwa kwa bodaboda, akafika mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Aliingia kwanza kwa dada yake, wakaongea Kimakonde kwa sauti ya chini, kisha akatoka barazani akakaa. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikamletea maji ya kunywa, akayapokea, akayaweka chini hakuyanywa. Siku zote huniita mkwe. Siku hiyo aliniita Mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nasubiri kupima ufuta wangu. Kuna kijana pale anawasomea wenzake simu. Wanacheka. Nami nikacheka. Mpaka nikasikia huyo anayechekwa ni nani."

Akakung'uta vumbi magotini, akaendelea.

"Dada yangu alichezwa unyago porini, na aliyofundishwa kule mimi kaka yake siyajui mpaka leo. Sasa kijana wa kwenye mizani anajua kwamba dada yangu hakuwahi choo."

Nilijaribu kumweleza. Nilisema watu wameguswa, wanamwombea, nikasema sikutaja jina. Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko kofi. Newala nzima ina Mwalimu mmoja wa Njombe anayemtunza mama mkwe mwenye kiharusi. Jina lingeongeza nini? Kisha akanieleza, kwa upole, jambo ambalo miaka yote ile nilidhani nimeshalijua. Habari ya mgonjwa huku ina njia yake. Inatoka nyumbani inakwenda kwa mjomba kwanza, na inakwenda na mtu. Mtu anatumwa, anafika, anasalimia, anakaa, anaulizwa habari za atokako, ndipo anasema. Mjomba akishasikia ndipo wengine wanasikia. Hata kifo ni hivyo. Nyumba inaweza kukaa na maiti ndani, imenyamaza, hakuna anayepiga yowe, mpaka mjomba awe amefikiwa.

"Ikitokea tena namchukua," akasema akisimama. "Nitamlaza kwangu Chiungutwa."

Najua mtu mwingine angesema alhamdulillahi, mzigo umeondoka wenyewe. Nami niliwaza hivyo, kwa muda ule wa kumwaga yale maji aliyoyaacha. Lakini Chiungutwa hakuna mtu wa mazoezi ya mkono, na mke wa mjomba mwenyewe ni mtu mzima wa kushika kiuno akiinuka. Na kuna jingine. Mama yangu mzazi alifariki Njombe nikiwa huku nasahihisha mitihani, nikafika ameshazikwa, nikaonyeshwa udongo. Huyu nilikuwa nimemshika kwa mikono. Sikutaka aniponyoke na yeye.

Ijumaa mume wangu aliporudi nilimwambia yote. Ni mwalimu wa hisabati, anapenda mambo yagawanyike bila kubaki.

"Fungua blogu mbili," akasema. "Ya barazani na ya ndani. Mvua, korosho, barabara, weka barazani. Ya nyumba hii weka ndani, funga kwa neno la siri. Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Na kata akichoka?"

"Kata achoke ndani," akasema, akaenda kumsalimia mama yake.

Basi nikafungua ya pili. Nilimpa neno la siri dada yangu aliyeko Njombe, na mume wangu. Ikawa hivyo. Kwa mdomo ni rahisi kugawa. Lakini kaa chini ugawe, uone. Nimeamka, kisima kimeshuka, nimenunua maji ya madumu kwa jamaa wa bodaboda. Hiyo ni ya barazani, kila mtu Newala ananunua. Lakini nimenunua mengi kwa sababu mashuka ya mama yamelowa. Hiyo ni ya ndani. Sasa nikiandika kwamba nimenunua maji, nisiseme ya nini, nimeandika nini? Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ulipofika niliandika vizuri kabisa, vumbi lake la njano, wapulizaji waliojifunga vitambaa usoni. Nikaacha kwamba mama aliinusa ile salfa ikitoka shamba la jirani, akalia, kwa sababu hakuna aliyemfagilia mikorosho yake. Machozi yakaenda ndani, salfa ikabaki barazani. Kila sentensi niliishika mkononi kama mtu anayepanga korosho, hii daraja la kwanza, hii la pili, mpaka kichwa kinauma. Zamani kuandika kulinipumzisha. Sasa kukawa zamu nyingine ya kazi.

Blogu ya barazani ikawa kama ubao wa matangazo wa halmashauri. Ilikuwa sahihi na safi, na haikumtania mtu. Ya ndani nayo, niliisoma siku moja kutoka mwanzo nikakuta neno moja tu limevaa nguo mbalimbali: nimechoka. Dada yangu ananitumia picha za moyo. Mume wangu anasoma, hasemi kitu, Ijumaa anarudi na nyama.

Wale wa Dar hawakukubali. Chini ya kila habari ya maji mtu anaandika, "Mwalimu, mama yule anaendeleaje?" Sikujibu. Nilimwona mjomba juu ya magunia yake kila nilipogusa kitufe. Mara moja tu, walipozidi, nilijibu neno moja ambalo niliona halina ubaya kwa mtu yeyote. Niliandika, "Tuombeane."

Katika miezi hiyo mama alianza kunywea. Si mwili, mwili ulikuwa unapata nafuu, alishaweza kushika kikombe. Lakini alikuwa anakaa anatazama mlango. Mwanzoni wageni walikuwa hawaishi, watu wa Mnyambe na Makote wakija hospitali wanapitia, wanaleta kunde, wanaleta salamu za watoto wao wa mjini. Taratibu wakakatika. Nilidhani ni msimu, watu wako mashambani. Nilikuwa nimechoka sana hata nikashukuru kutopika chai ya wageni. Hilo nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi moja, korosho zimeshaanza kudondoka, nilikuwa nafua uani. Kirikuu kikasimama nje, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa wanawake nyuma. Wakashuka kimya. Wote walikuwa wa Mnyambe, wamejifunga kanga viunoni, wengine wana unga kichwani ndani ya mabeseni, wengine wana mafungu ya kuni. Hakuna aliyepiga hodi kwa sauti. Aliyewaongoza, mama mmoja mnene ambaye shamba lake limepakana na la mama mkwe, alinikamata mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Pole, mwanangu. Pole sana."

Nikasema asante. Kwa nini nilisema asante? Nilikuwa nimechoka, mtu akiniambia pole naipokea, sikuuliza ya nini. Ndipo nikauangalia ule unga. Unga na kuni, mwanamke huku habebi vitu hivyo viwili kwenda kumwona mgonjwa. Anabeba kwenda matangani.

"Mama," nikasema, "mmeambiwa na nani?"

"Hatukuambiwa," akajibu. "Mtu alikuwa anasemwa kila Jumamosi. Amekula, amecheka, amenyanyua mkono. Watoto wanatusomea. Ghafla kimya. Wiki nenda, wiki rudi, maji, korosho, maji. Wakakuuliza, ukawaambia tuombeane. Sisi si watoto, mwanangu. Tukajua mnamsubiri mjomba." Akashusha sauti. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Wakati huo mlango wa ndani ulikuwa wazi, na kutoka kwenye mkeka ikaja sauti ile nzito ya upande mmoja. "Nani hao?"

Nimeona watu wakishtuka, lakini sijaona beseni la unga likikaa juu ya kichwa kwa muda mrefu namna ile bila kushikwa. Yule mama mnene aliingia, akasimama mbele ya marehemu wake. Mama mkwe alikuwa amekaa ameegemea ukuta, bakuli la kunde mapajani, anachambua kwa mkono mzima. Akaangalia kanga viunoni. Akaangalia kuni. Akamtazama jirani yake wa miaka yote.

"Unga wa nini huo?"

"Wa muhogo," mwenzake akasema.

"Mnanizika kwa unga wa muhogo," mama akasema polepole, neno baada ya neno. "Hata wa mahindi sikustahili."

Hapo ndipo kilio kikaja, na kilikuwa kicheko. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye maji yangu ya kufulia. Mama akanyoosha ule mkono mzima akaonyesha jikoni. "Uingizeni ndani. Nitaula mwenyewe." Wakauingiza. Wakasonga ugali wakati ule ule, wakapika na zile kunde, wakamlisha wakimwita marehemu, naye anawajibu. Walikaa mpaka kirikuu kikapiga honi mara ya pili. Kwa miezi sikuwa nimemwona mama na uso ule.

Walipoondoka nilikaa karibu naye. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa sijawahi kumweleza. Yale ya mjomba niliyamezea mwenyewe. Nikamweleza yote, blogu ya barazani na blogu ya ndani. Alinisikiliza akichezea ukingo wa bakuli.

"Kumbe ndiyo maana hawaji," akasema. Kisha akaongeza, "Nilidhani wamenichoka."

Nililia. Nilikuwa nimegawa kila kitu vizuri mno, na yeye nikawa nimemfungia upande ambao hauna mlango. Akanipiga gotini kwa ule mkono. "Ya chooni usiseme," akasema. "Sema nipo."

Lakini neno la mjomba lilikuwa neno la mjomba, na sikutaka alisikie tena juu ya magunia. Jumamosi iliyofuata sikuposti kitu. Tulimwacha mama na jirani, mimi na mume wangu tukashuka njia ya Masasi mpaka Chiungutwa. Nilisalimia, nikakaa, nikasubiri kuulizwa habari za nitokako. Akaniuliza. Nikamwambia yote kwa mpangilio, wanawake, kuni, unga kichwani. Alisikiliza ametazama chini.

"Unga wa nini?" akauliza.

"Wa muhogo."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, mpaka mke wake akatoka na kata ya maji. Alikunywa, akanipa nami nikanywa. "Sema yupo, mkwe," akasema. "Sema amekula. Zaidi ya hapo ni la ndani." Njia nzima ya kurudi mume wangu alinitania kwamba nimesafiri na kupanda mlima kwa ajili ya maneno mawili.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi, kabla ya mvua na kabla ya barabara, naandika barazani: Mama yupo. Ninaongeza kidogo, amekula ming'oko, ametukana redio. Mengine yote nayapeleka ndani, na ule uchovu nao huko huko, maana haukuisha. Wageni walirudi. Chai nikapika. Yule mama mnene akapanga zamu na wenzake wakaifagia mikorosho yote, wakamletea mama konzi ya korosho za kwanza aone.

Mama alifariki baada ya mvua kukatika, Jumamosi, alfajiri, mume wangu akiwepo. Alimaliza kama mtu anayeweka kitu chini. Mume wangu alimfunika, akakaa kidogo, kisha akachukua pikipiki ya jirani akashuka kwenda kwa mjomba, kumwambia mdomo kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Hakupiga simu. Mimi nilibaki naye ndani, mlango umerudishwa. Sikulia kwa sauti. Simu niliilaza kifudifudi dirishani, na saa yangu ya kuandika Mama yupo ikafika, ikapita.

Jua lilikuwa limeshapanda niliposikia kirikuu nje. Wakashuka kimya, kanga viunoni. Yule mama mnene alikuwa mbele. Nilisimama mlangoni, nilitaka kuwaambia bado, mjomba hajafikiwa, sijasema kitu kwa mtu yeyote. Hakuniuliza. Walisimama uani na unga kichwani, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia wauingize ndani.